Tuisheni ya hesabu ya kidato cha tatu na cha nne Dar: unalipia nini, mtoto anarudi na nini

Ukipita Mbagala, Tabata, Sinza au Kimara saa kumi jioni, hukosi kuona wanafunzi wenye sare za shule tofauti wakiingia kwenye banda moja la bati. Ndani kuna ubao, mabenchi na mwalimu wa hesabu. Huduma hiyo ndiyo tunayoipima hapa: tuisheni ya hesabu ya kidato cha tatu na cha nne kama inavyouzwa Dar es Salaam, ubora wake, kasoro zake, na mambo ambayo mzazi ayaangalie kabla hajatoa hela.

Tuseme kabisa kipimo chetu. Darasa zuri la hesabu ni lile ambalo kalamu ya mtoto inafanya kazi kuliko chaki ya mwalimu. Mwalimu anaweza kuwa na mwandiko wa kupendeza, akasolvu maswali kumi na mawili kwa saa mbili bila kufuta, na watoto wakatoka wanamsifu. Lakini kama walikuwa wananakili tu, walichobeba nyumbani ni picha ya ubao. Siku ya mtihani ubao haupo.

Kwanza mtihani wenyewe, maana ndio unaolipiwa. Karatasi ya Baraza la Mitihani ya hesabu ya kawaida ya kidato cha nne, namba 041, kwa muundo uliozoeleka miaka ya karibuni ina maswali 14 kwa saa tatu, yote ya lazima. Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, sehemu B ina maswali 4 ya alama 10 kila moja. Kikokotoo hakiruhusiwi. Majedwali ya namba, yale ambayo kila mwanafunzi huyaita "four figure", yanaruhusiwa. Alama D inaanzia 30, C inaanzia 45, A inaanzia 75.

Piga hesabu ya muda utaona tatizo. Dakika 180 kwa alama 100 ni chini kidogo ya dakika mbili kwa alama moja. Mtoto akitumia dakika 11 kwa kila swali la sehemu A na 18 kwa kila swali la sehemu B, muda unaisha na hajarudia kukagua hata mstari mmoja. Tunapendekeza azoezwe dakika 9 na dakika 15. Hapo anabakiwa na nusu saa ya kukagua, na nusu saa hiyo ina alama nyingi kuliko swali lolote moja. Muulize mwalimu wa tuisheni kama anawafanyisha watoto maswali kwa saa ya ukutani. Akisema "hilo tutalifanya tukishamaliza silabasi", jua halitafanyika, kwa sababu silabasi haiishi mapema.

Kwa mtoto aliye chini kabisa, hesabu nyingine inampa moyo: maswali matano kamili ya sehemu A ni alama 30. Hiyo ni D, hata kama mengine yote yamekwenda vibaya. Darasa linalojua kazi yake linamchagulia mtoto huyu mada sita au saba anazoweza kuzishika kikamilifu kwa muda uliobaki. Mara nyingi seti, takwimu, uwiano na faida na hasara, koodineti, mifuatano ya namba na matriki ndizo zinazolipa haraka, kwa kuwa hatua zake zinajirudia. Kumkimbiza kwenye mada zote ishirini na kitu mwezi Septemba ni kumchosha bure.

Tukirudi kwenye banda. Ukubwa wa kundi ndio kitu cha kwanza cha kuhesabu, na uhesabu mwenyewe kwa macho badala ya kuambiwa. Mpaka wanafunzi 20, mwalimu mmoja anaweza kuzunguka akaona daftari la kila mmoja angalau mara moja kwa kipindi. Wakifika 40 anahitaji msaidizi, hata kijana wa kidato cha sita anayejua kusahihisha. Zaidi ya hapo ni mkutano. Mtoto anayekaa benchi la nyuma hathubutu kusema "mwalimu, naomba urudie hatua ya tatu" mbele ya watu themanini, na hatua ile ya tatu ndiyo aliyokosea.

Angalia pia paa. Bati bila dari wakati wa masika ni saa nzima ya kukaa kimya, kwa sababu mvua ikianza sauti ya mwalimu haifiki hata benchi la pili. Darasa lililojipanga lina karatasi za maswali zilizochapwa tayari, ili mvua ikinyesha watoto waendelee kusolvu. Na uliza kuhusu mwanga. Umeme ukikatika saa kumi na mbili na nusu, kuna taa ya chaji, au watoto wanarudishwa na siku inahesabika kuwa imelipiwa?

Kipindi cha saa mbili kinachofanya kazi hugawanyika takriban hivi: dakika 10 za kukagua kazi ya nyumbani, 25 za mada mpya ubaoni, 50 za watoto kusolvu wenyewe kimya, 25 za kusahihisha makosa yaliyoonekana, na 10 za kupanga kazi ya kesho. Hizo 50 za katikati ndizo roho ya darasa. Vituo vingi huzifanya 10, na kinachozila ni mwalimu kuendelea kuongea. Hatumlaumu mwalimu peke yake, kwa sababu wazazi wenyewe wakichungulia dirishani wakakuta kimya hudhani hakuna kinachofundishwa.

Mambo yanayowaangusha watoto, na ambayo tuisheni nzuri huyashughulikia, hayapo kwenye mada za kidato cha nne. Yapo chini yake. La kwanza ni sehemu na alama za kutoa. Mtoto anajua fomula ya mlinganyo wa kipeo cha pili kwa moyo, lakini akikutana na alama ya kutoa mbele ya mabano, kama 5 − (x − 3), anaandika 5 − x − 3 na kupata 2 − x. Jibu ni 8 − x. Kosa hili moja linaharibu koodineti, matriki, vekta na karibu aljebra yote. Mwalimu anayeanza kidato cha tatu bila wiki mbili za sehemu, alama na mabano anajenga ghorofa juu ya mchanga wa Coco Beach.

La pili ni lugha, na hapa tunakaa kidogo kwa kuwa vituo vichache hulifanyia kazi. Mtoto wa shule ya msingi ya Kiswahili anajua kipeuo, mzingo, kiasi na asili, KDS na KKS. Ameimba MAGAZIJUTO tangu utotoni: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Anafika sekondari, kila kitu kimebadilishwa jina. Wengi hawakosi hesabu, wanakosa swali. Chukua "at least 5". Neno "least" linasikika kama kidogo, basi mtoto anaandika alama ya chini ya au sawa na 5. Maana yake ni kinyume: zisipungue 5, yaani 5 au zaidi. Na "at most 12" ni zisizidi 12. Kwenye mada ya linia programingi, yaani kutafuta kiasi cha juu au cha chini kabisa ndani ya masharti uliyopewa, kugeuza alama hiyo moja kunageuza eneo lote la grafu, na alama 10 za swali zinabaki 2 au 3.

Maneno mengine mawili ya mtihani yafundishwe kama msamiati wa lazima. "Show that" maana yake jibu umeshapewa, na alama zote ziko kwenye njia. Ukiandika jibu tena bila hatua hupati kitu. "Hence" maana yake tumia ulichokipata kipengele cha juu. Anayeanza upya kwa njia nyingine anapoteza muda, na huenda akapoteza na alama. Kituo chenye karatasi ya maneno hamsini ya namna hii, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, kinastahili hela yako hata kama benchi zake ni mbovu.

Kuna na suala la saa. Swali la dunia kama tufe likiuliza wakati wa mji mwingine, dunia huzunguka digrii 15 kwa saa, yaani digrii moja kwa dakika 4. Mtoto anapiga hesabu sawasawa halafu anasoma 09:00 kama saa tisa. Kwetu ni saa tatu asubuhi. Aandike jibu kama swali lilivyoandika, bila kutafsiri.

Mada hiyo hiyo ina mtego mwingine wa kila mwaka. Dar es Salaam iko takriban 7° kusini na 39° mashariki, Tanga takriban 5° kusini na 39° mashariki. Ziko upande mmoja wa Ikweta, kwa hiyo tofauti ni 7 − 5, sawa na digrii 2. Nusu kipenyo cha dunia kikiwa kilometa 6,370, digrii moja ni kama kilometa 111.2, na umbali unakuwa karibu kilometa 222. Anayejumlisha anapata digrii 12 na kilometa 1,334. Mwalimu mzuri anamsimamisha hapo hapo na kumuuliza: basi la Tanga linaondoka asubuhi na kufika lini? Tabia ya kutazama jibu na kuuliza kama linaingia akilini huokoa alama kuliko fomula mpya.

Majedwali. Kwa kuwa kikokotoo hakiingii kwenye chumba cha mtihani, mtoto anayefanya kazi za nyumbani kwa simu anajidhulumu. Logi, yaani kipeo ambacho 10 hupandishwa ili kupata namba fulani, ndiyo sehemu inayoonyesha nani amezoea. Logi ya 0.0456 ni baa 2 nukta 6590: sehemu ya mbele ni hasi, ya nyuma ni chanya. Akiambiwa atafute kipeuo cha tatu, inabidi agawe kwa 3. Mbili haigawanyiki kwa tatu, basi wengi hugawa 2.6590 yote kana kwamba ni namba moja, wanapata 0.8863 na jibu la karibu 7.7. Kipeuo cha tatu cha namba iliyo kati ya 0 na 1 hakiwezi kuzidi 1, kwa hiyo jibu linajisema kwamba ni baya. Njia yake ni kukopa: ongeza hasi moja mbele na chanya moja nyuma, baa 2 nukta 6590 iwe baa 3 pamoja na 1.6590. Gawa kwa 3, unapata baa 1 nukta 5530, na antilogi yake, yaani namba yenyewe ukirudi kutoka kwenye logi, ni 0.3573. Ukitaka kumpima mwalimu kwa dakika tano, mwombe akueleze kwa nini tunakopa. Akijibu "ndiyo kanuni", endelea kutafuta.

Takwimu ni rahisi na bado watoto humwaga alama. Kundi la 40–49 lina mpaka wa chini 39.5, si 40, na fomula ya modi na ya mediani zinataka 39.5. Grafu ya marudio limbikizi huchorwa kwa mipaka ya juu, yaani 49.5, 59.5 na kuendelea. Wengi huichora kwa alama za katikati. Kwenye linia programingi, mstari wa kwanza uwe "x ni idadi ya hiki, y ni idadi ya kile". Wanaouruka hupoteza alama kabla hawajaanza. Halafu kila kona ya eneo ipimwe, hata ile inayoonekana wazi kuwa ndogo.

Vifaa ni vichache. Kaunta buku mbili, moja ya noti na moja ya maswali. Mkebe wa hesabu wenye bikari inayokaza, maana bikari iliyolegea hufungua duara likiwa halijakutana. Karatasi za grafu, penseli ngumu, rula ya sentimita 30, na nakala yake mwenyewe ya majedwali. Kushirikiana majedwali watatu ni kujifunza kusubiri. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu vinatosha kwa mazoezi. Pamfleti zinazouzwa vituoni zina mifano mizuri, lakini nyingi zina makosa ya uchapaji kwenye majibu, na mtoto dhaifu akikuta jibu lake halifanani anaacha njia sahihi. Pasti pepa na taarifa za Baraza za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinapatikana bure kwenye tovuti ya Baraza. Taarifa hizo huonyesha, swali kwa swali, watahiniwa walikosea wapi, pamoja na picha za majibu yao. Kituo kinachozitumia kimefanya nusu ya kazi yake.

Kuhusu bei, wengine hutoza kwa siku, wengine kwa wiki au mwezi, na eneo huamua mengi. Linganisha kwa dakika za mtoto kuandika. Tuseme kituo kimoja ni 20,000 kwa mwezi, siku 12, na kila siku mtoto anasolvu mwenyewe dakika 10: hizo ni saa 2 kwa mwezi, sawa na 10,000 kwa saa. Kingine ni 45,000 kwa siku hizo hizo 12, na anasolvu dakika 50: saa 10, sawa na 4,500 kwa saa. Cha bei ya juu ndicho cha nafuu. Ongeza na nauli na foleni. Mtoto wa Gongo la Mboto anayefuata mwalimu maarufu Mwenge anakula saa mbili barabarani, na saa hizo zingetosha pasti pepa nzima ya sehemu A pamoja na usahihishaji. Mwalimu wa wastani aliye mtaani kwenu, anayesahihisha madaftari, ana faida kuliko maarufu wa mbali.

Yeyote anayekuambia ana "maswali ya uhakika" ya mwaka huu, mwache. Mtihani uliovuja ni kosa la jinai kwa anayeuza, na Baraza hufuta matokeo ya anayebainika kudanganya. Mara nyingi hata hayo maswali ni ya kubuni, na mtoto anayeyaamini huacha kusoma wiki tatu za mwisho.

Uliza pia mtoto yuko mtaala gani. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 unaingia kwa awamu, kwa hiyo mwalimu anayefundishia noti za zamani anaweza kuwa sahihi kwa darasa moja na akapotea kwa jingine.

Kwa wanaoelekea kidato cha tano kwa tahasusi kama PCM (fizikia, kemia na hesabu) au EGM (uchumi, jiografia na hesabu), neno moja tu. C ya kidato cha nne iliyopatikana kwa kukariri haivuki miezi mitatu ya kwanza. Kwa muundo uliozoeleka, hesabu ya juu ina karatasi mbili: ya kwanza maswali 10 ya alama 10 kila moja, ya pili maswali manne ya lazima ya alama 15, kisha unachagua mawili kati ya manne ya alama 20. Huko kikokotoo kisichopangwa programu kinaruhusiwa, na ni mada kamili ya mtihani. Kosa la wiki za mwanzo ni kukiacha kwenye digrii wakati swali liko kwenye radiani: sin 1 inatoa 0.0175 badala ya 0.8415, na kila hatua ya kalkulasi inayofuata inaharibika. Likizo kati ya Novemba na kuanza kidato cha tano itumike kwa aljebra na trigonometria ya kidato cha tatu na nne, kuliko kukimbilia mada mpya zenye majina makubwa.

Baada ya wiki nne za tuisheni yoyote, keti na mtoto na kaunta buku ya maswali. Tafuta wino mwekundu: je, kuna mahali mwalimu ameandika kosa liko wapi, au ni alama za vema tupu kila ukurasa? Kisha chagua maswali matatu ya wiki ya pili, funga daftari, mpe karatasi tupu, majedwali na dakika 27. Akimaliza mawili, kituo kinafanya kazi yake. Akikwama kwenye mstari ule ule katika yote matatu, zungusha mstari huo kwa kalamu, mrudishe mtoto na karatasi hiyo kwa mwalimu, na mwombe aeleze atakavyoushughulikia kabla hujalipia mwezi wa pili.